Namba Arobaini na Saba

Kabla hatujawa makomando tulikuwa batalioni ya kawaida ya askari wa miguu, watu mia sita, na watu walitujua zaidi kwa bendi yetu kuliko kwa vita. Nasema "tulikuwa" ingawa mimi nilifika kambi ya Sorigu miaka kumi baada ya mageuzi, luteni wa elimu mwenye digrii ya historia na buti zinazobana. Siku yangu ya tatu Kanali alinipa kazi: niandike historia ya kikosi, niisome kwenye sherehe ya mwaka wa kumi.

"Iandike vizuri," aliniambia. "Vijana wajue walikotoka."

Nilimwamini. Nami nilitaka sana wajue.

Kiini cha historia hiyo ni mwendo wa kilomita sitini. Jeshi lilipoamua kutugeuza lilileta wakufunzi kutoka nje, watu wasiomjua yeyote pale kambini, wasije wakapendelea. Wakaamuru majina yakome. Kila askari alivaa fulana yenye namba, akapaka masizi usoni, akabeba begi la mchanga. Nusu walitembea Jumamosi, nusu Jumatatu. Aliyemaliza alipewa bereti. Aliyeshindwa alihamishwa, na familia yake ikapewa siku tatu iondoke kwenye nyumba za kambi. Wawili walifia njiani, na majina yao yamechongwa kwenye jiwe mbele ya ofisi. Kila mwaka yanaitwa, na kikosi kizima huitikia: "Yupo!"

Karatasi za wakufunzi zilikuwa bado kabatini. Mbele ya namba 31, wa Jumamosi, mmoja wao ameandika: "Ana nguvu. Anaimba njia nzima." Mbele ya namba 47, wa Jumatatu: "Anaimba. Ameambiwa anyamaze, hasikii."

Nikatafuta 47 ni nani. Alikuwa Sajenti Dery, ambaye sasa ndiye Saja wetu, mkubwa wa askari wote wasio maofisa. Nilicheka peke yangu. Saja Dery hafungui kinywa hata kanisani.

Nilimkuta kantini, mchana, ana kibuyu cha pito, pombe ya mtama, mkononi.

"Saja, kumbe wewe mwimbaji, na unatuficha!"

"Nani kakudanganya, afande? Mimi nikiimba mbuzi wanakata kamba."

"Wakufunzi wameandika. Kilomita sitini, hunyamazi."

Akaweka kibuyu chini. Akamtazama mhudumu mpaka yule mtu akatoka mwenyewe.

"Sikuwa mimi," alisema.

"Nani, basi?"

"Ayamga. Koplo Ayamga. Ndiye 31. Wake alishaumaliza Jumamosi." Alijipapasa goti. "Mimi nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, goti hili, na watoto sita. Jumapili akaja kwangu, anachechemea, anacheka. 'Kaka mkubwa, lete fulana yako.' Nikamwambia una wazimu. Akasema, 'Wewe ndiye ulinileta jeshini. Mkeo ndiye alimzalisha mke wangu. Sasa unataka Magajia wetu akalale stendi ya malori na masufuria yake?'"

Mke wa Saja ndiye Magajia, kiongozi wa wanawake wa kambi, tangu enzi za batalioni.

"Ukampa."

"Nikampa. Nikajificha kwenye ghala la mtama. Nilimsikia akipita, anaimba, mwehu yule. Kambi nzima ilijua, afande. Wageni tu ndio hawakujua. Akamaliza, wakaandika 47 amefaulu. Jioni akafa kitandani kwake."

Nilikwenda kuangalia cheti chake cha kifo. Kimeandikwa homa, akiwa mapumzikoni. Namba 31 alishafaulu tangu Jumamosi, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya jina lake kuwa kwenye jiwe. Mkewe, Asibi, alitolewa kwenye nyumba kama mjane wa mtu aliyeugua tu. Sasa anauza uji wa mtama langoni. Siku ya sherehe hufunika sufuria yake, akasimama kwenye uzio mpaka majina yaishe.

Nilirudi kwa Saja. "Naomba niandike."

"Nimebakiza miezi minne nistaafu," alisema. "Andika. Nitatia sahihi."

Akatia.

Kanali aliisoma karatasi ile akiwa amesimama. Kisha akaagiza Saja aitwe, na mimi nisiondoke.

"Kijana," aliniambia tulipokuwa tukisubiri, "kama huyu alitembea kwa miguu ya mwenzake, wangapi wengine walifanya hivyo? Kesho wataanza kuuliza bereti ya nani ni ya haki. Utawajibu nini?"

"Afande, naomba jina moja tu liongezwe."

"Hilo moja ndilo tofali la chini."

Saja akaingia, akapiga saluti. Kanali akamwonyesha karatasi. "Sahihi yako hii?"

Saja aliitazama kana kwamba imeandikwa kwa lugha ngeni.

"Nilikuwa nimekunywa, afande. Luteni bado mgeni. Alinielewa vibaya."

Nilimfuata nje, karibu nimshike shati. "Saja! Ulisema mwenyewe!"

"Una miaka mingapi, afande?"

"Ishirini na minne."

"Ayamga alikuwa na ishirini na saba." Alirekebisha bereti yake. "Kapumzike."

Kesho yake asubuhi nilikwenda langoni. Nilikuwa nimejipanga jinsi ya kumwambia Asibi taratibu, asije akaanguka. Nilimwambia yote. Hakuacha kukoroga.

"Mtu anayekufa kwa homa," aliuliza, "huchubuka visigino?"

Akasukuma kuni motoni.

"Jumamosi nilimwosha miguu. Jumatatu nikamwosha tena, na maji yalikuwa mekundu. Unadhani nimekaa hapa miaka kumi sijui?"

"Basi kwa nini hukusema, mama?"

"Nilisema. Niliambiwa nina uchungu, nikalale. Mwanangu, kujua ninajua. Nataka waseme wao."

"Nitasema mimi."

"Wewe?" Alinitazama kuanzia kofia mpaka buti. "Haya. Kunywa uji, unapoa."

Siku ya sherehe nilipewa kipaza sauti na kurasa zilizopitishwa na Kanali. Nilisoma juu ya batalioni, juu ya bendi, juu ya wakufunzi. Nilipofika kwenye mwendo ule nikaliacha lile neno "wawili".

"Walikufa watatu," nilisema. "Wa tatu ni Koplo Ayamga, aliyetembea mara mbili, ya kwake na ya mwenzake."

Nikanyamaza, ningoje waitikie.

Walikuwa watu mia tatu. Mstari wa mbele walisimama wazee wa batalioni, wale waliojua, na wote walitazama ncha za buti zao. Saja alikuwa hatua tano kutoka kwangu. Nilihesabu mpaka kumi, nikisubiri hata mmoja, hata kwa kunong'ona. Kipaza sauti kikazimwa, na mtu akaiashiria bendi ipige.

Wiki iliyofuata nilipewa uhamisho wa kwenda kusini, kwenye bohari ya mablanketi. Asubuhi ya kuondoka nilipita langoni kuaga. Mahali pa Asibi palikuwa pamefagiliwa, na mawe yaliyopakwa chokaa yamepangwa juu yake.

Nilimkuta stendi ya malori, mwendo wa saa nzima kutoka kambini. Sufuria ilikuwa imejaa, benchi halina mtu.

"Wamesema ni mambo ya usalama," alisema kabla sijauliza.

"Nisamehe, mama. Nilidhani..."

"Ulidhani wataitikia."

"Ndiyo."

Akafunua sufuria, akanichotea bakuli, likajaa mpaka ukingoni.

"Lakini walisikia?" niliuliza. Nilihitaji sana kujua. "Kule nyuma, uzioni, ilisikika?"

"Walisikia wote," Asibi alisema. "Ndiyo maana niko huku."