Diski Mbili Kando

Utengano ni nguvu, umoja ni udhaifu. Noëlla aliandika hivyo makusudi, mstari wa kwanza wa jibu lake, na hasira ikampanda upya.

Karatasi ya kumtaka ajieleze ilikuwa mezani, na muhuri juu. Papa Aloys, mkuu wa ofisi ile ya Nyalukemba iliyowatafutia wazazi watoto waliopotea vitani, alimpa saa arobaini na nane aandike maelezo na kuomba radhi. Kosa lenyewe: seva ilikuja na diski sita. Mkuu aliagiza zote ziunganishwe ziwe ghala moja, kwa kuwa umoja ni nguvu. Noëlla, fundi wa kompyuta wa ofisi, akazigawa. Mbili za mfumo unaoendesha mashine, nne za majina ya watoto. Alishamweleza mara saba kwamba hata bibi yake kule Nyantende hachanganyi maharagwe ya mbegu na ya kupika. Mkuu alijibu kwamba seva si shamba.

Kabla hajaandika mstari wa pili, umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na seva ikagoma kuwaka. Mfumo umeharibika. Fishi, zile kadi za karatasi zenye majina ya watoto, ziliungua mwaka wa jana, wenye silaha walipoipora ofisi. Majina yalibaki mle ndani tu. Na barazani alikaa Maman Madeleine, aliyetoka Luvungi kwa mara ya tatu kumuulizia binti yake, Bintu.

Papa Aloys alizunguka akifuta jasho, akiuliza kama wote wamepotea. Noëlla aliketi mbele ya seva. Alizifuta zile diski mbili, akaweka mfumo mpya, saa tatu nzima; zile nne hakuzigusa. Lingekuwa ghala moja, angewafuta na watoto.

Seva ilipoamka, Bintu alikuwemo, ameandikishwa juma lililopita: analelewa na familia moja huko Kabare. Maman Madeleine aliondoka na gari la ofisi, akilia na kucheka.

Noëlla alidhani ile karatasi itachanwa. Wapi. Papa Aloys aliisukuma tena mbele yake. Kazi ni nzuri, alisema, ila amri ni amri.

"Andika tu pardon, binti yangu. Neno moja, tunafunga dosiye, kesi imekwisha."

Noëlla akasaini chini ya mstari wake mmoja, akamrudishia.

"Mutoto anarudi kwa mama yake, Papa. Dosiye ufunge. Pardon sitaomba."