Winga Aliyefungiwa

Lachlan Meikle alikuwa winga wetu pale Carnbrae, na Uskochi nzima sijaona mwingine wa kumkalisha beki chini kama yeye. Mimi nilikuwa beki wa kushoto, nyuma yake, kazi yangu kumpasia tu.

Baba yake alifia mgodini, alipoangukiwa na makaa. Mazishi yakawa Jumamosi, siku ya mechi. Lachlan akaenda kumzika mzee wake. Basi, hilo ndilo kosa lake lote.

Drysdale, mwenye bucha na mwenyekiti wa klabu, akamwita. "Maiti haikimbii, Meikle. Mechi ndiyo haingoji."

"Basi niachie, niende klabu nyingine."

"Thubutu! Usajili wako ninao mimi. Hapa huchezi, na kwingine huchezi."

Na sheria za soka za enzi hizo zilimruhusu! Mtu mzima, mwenye mke, anafungiwa kama ng'ombe zizini! Lachlan akarudi chini mgodini kuchimba makaa, mwaka ukapita, na wa pili.

Siku moja mkewe, Effie, akaingia buchani, duka limejaa wanawake.

"Nikupimie nini, bibie?" Drysdale akauliza.

"Nipimie aibu, kama unayo."

Kicheko kikalipuka.

"Toka dukani kwangu!"

"Natoka. Na wenzangu nao wanatoka."

Wakatoka wote, nyama ikabaki inaning'inia.

Habari zikatufikia sisi wachezaji, tukasema Effie hawezi kuachiwa vita hivi peke yake. Jumamosi, siku ya mechi, tukakaa chumba cha kuvalia na nguo zetu za nyumbani. Drysdale akaingia, uso umemwiva.

"Vaeni jezi!"

"Mwachie Meikle kwanza," nikamwambia.

Alitutukana mpaka matusi yakamwishia. Nje mashabiki walikuwa wanapiga mabati kwa miguu. Mwisho akasaini karatasi ya kumwachia Lachlan.

Lachlan akasajiliwa na klabu ya mji wa jirani. Nilikwenda na Effie kumtazama. Kila alipojaribu kumpita beki, jamaa mzito tu, alinyang'anywa mpira. Mgodi ulikuwa umemla magoti.

"Babu, nenda kalale!" mtu akapaza sauti.

Babu! Hata miaka thelathini hajafika. Nikakunja ngumi, Effie akanishika mkono.

"Achana naye. Niache nimtazame mume wangu."

Msimu ulipoisha hawakumtaka tena.

Mwaka jana Carnbrae walijenga jukwaa jipya la mashabiki, lenye paa, wakaliita Drysdale. Mimi nasimama upande wa pili, kwenye mvua.