Mtu wa Kumchukua Mtamba

Kabla hakujapambazuka, Petronilla alisikia ulimi ukikwaruza sufuria. Mtamba alikuwa ameamka. Mnyama huyo alilala jikoni, na kila alfajiri alilamba chumvi iliyobaki katika sufuria ya jana. Mkwaruzo huo ndio uliokuwa salamu ya kwanza, na siku nyingi ya pekee, katika nyumba ile ya pembeni mwa Malaba.

"Lamba tu," Petronilla alimwambia kutoka kitandani. "Leo ndiyo mwisho."

Hakuwa amempa jina. Wa kuondoka hapewi jina.

Mumewe, Okiror, alihamia Amukura kwa mwanamke mwingine zamani. Kaka zake Petronilla walirudisha mahari, ng'ombe baada ya ng'ombe, hadi akabaki mtamba huyu. Siku angetoka yeye, na ndoa ingetoka. Lakini wazee wa ukoo wa Okiror walikuwa na sharti lao: anayetumwa kumchukua ng'ombe wa talaka haketi wala haonji kitu. Akionja, amekubali ukwe. Atarudi mikono mitupu, na mke atabaki mke. Mjumbe wa kwanza alishindwa na kunde zilizoungwa kwa simsim. Wa pili alisema chai si chakula. Wazee wakasema ni chakula. Hivyo mkono mtamu wa Petronilla ulikuwa umemfunga kwa mume asiyemtaka. Kuishi hivyo alikwisha kuzoea. Alichoogopa ni kufa hivyo, akazikwe Amukura, kwenye boma la mtu ambaye hakumjulia hali hata alipougua.

Wazee walikuwa wameleta neno: mtu atakuja Jumamosi. Jumamosi hiyo Petronilla hakuwasha moto.

Malori yalikuwa yameanza kunguruma kwenye foleni ya mpakani aliposikia, "Hodi hapa!" Mwanamume mwenye mvi alisimama uani, kofia mkononi, akifuta gambuti zake kwenye majani.

"Wewe ndiye mtu?" Petronilla aliuliza.

Mgeni alisita. "Nadhani ndimi, mama. Niliambiwa unaningoja."

"Usiketi."

Mgeni, aliyekuwa amekwisha kuinama kuelekea kigoda, alisimama wima. "Basi naomba hata maji ya—"

"Maji hakuna. Na mate yako, ukiweza, usiyameze hapa."

Petronilla alimfungua mtamba, akamtia mgeni kamba mkononi. "Mchukue. Nenda, wala usigeuke nyuma."

Mgeni aliitazama kamba, kisha ng'ombe, kisha mama. "Hata jina langu hujaniuliza!"

"Jina la nini? Waliokutangulia nao sikuwauliza."

"Walionitangulia?" Macho yalimtoka. "Mimi ni wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Na hao wawili wako wapi?"

"Walikula, wakarudi kwao."

Mgeni aliondoka upesi kidogo. Hata hivyo, alipofika langoni alisimama. Aliona kamba ilivyomchubua mtamba shingoni, akatoa kitambaa mfukoni, akakikunja na kukitia chini ya kamba, taratibu, kama anayemfunga mtoto kidonda. Petronilla alimtazama. Wajumbe hawakuwa na tabia hiyo.

"Mama," mgeni aliita bila kugeuka, kwa kuwa alikatazwa, "mimi ni Emong wa Angurai. Mke wangu alifariki, na Zilpa wa kwaya akaniambia nije tuonane. Lakini kwetu mwanamume ndiye anayepeleka ng'ombe. Zilpa hakuniambia utanitolea mahari!"

Petronilla alishika kiuno. Ni kweli, baada ya misa Zilpa alikuwa amemnong'oneza, "Nitakutumia mtu," naye akajibu, "Mtume hata kesho," akidhani ni fundi wa kuziba paa.

Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia. Kilikuwa na kutu, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

"Geuka, baba," alisema, akijifuta machozi. "Rudi uketi."

Aliwasha moto. Emong alikuwa na tonge la ugali wa wimbi mkononi wakati mzee Omuse, mjumbe wa kweli, alipofika akitweta na kusimama mbali, juani.

"Usinikaribishe, mama, nakusihi," Omuse alisema. "Nimekula mara mbili kabla ya kutoka Amukura, ili harufu ya jikoni kwako isinishinde. Sitaki ukwame mara ya tatu."

Petronilla aliinamisha kichwa. Katika miaka yote ya kesi ile, hakuna aliyekuwa amemfikiria kiasi hicho. Alimkabidhi kamba. Omuse alipotaka kukitoa kitambaa, Emong alisema, "Kiache, mzee. Njia ni ndefu."

Mtamba alienda bila kulia. Petronilla alisimama langoni hadi vumbi likatulia, mwanamke asiye mke wa mtu. Alikuwa amedhani siku hiyo ingekuwa nyepesi. Mikono yake haikujua pa kukaa.

Aliporudi, alimkuta Emong ameosha sahani yake na kuiinamisha juani. Sufuria aliyoilamba mtamba alfajiri hakuigusa.

"Alikuwa anaitwaje?" Emong aliuliza.

"Hakuwa na jina."

Wingu lilikuwa likijikusanya upande wa Angurai. Emong alivaa kofia, akaaga, akafika langoni.

"Emong," Petronilla aliita. Alishangaa jina lilivyomtoka kwa urahisi. "Njoo tena. Na ukija, uje asubuhi. Asubuhi ndiyo itakayokuwa na kimya."