Choo cha Mheshimiwa

Mjukuu alikuwa na miezi saba na kitambi cha kumtia wivu babu yake, ndiyo maana nyumba nzima ilimwita Mheshimiwa. Lakini Mheshimiwa alikuwa hapati choo. Siku nne, tano, tumbo linakaza, maziwa anayatapika, mikono na miguu imebaki vijiti.

Bibi yake alikuwa fundi cherehani, na hakuvumilia kitu kitoke mkononi mwake kikiwa hovyo. Kila siku ya kliniki alichonga kipande cha sabuni, akamtia mtoto njia ya haja kubwa ili apate choo, akamwogesha na kumpaka mafuta. Akampeleke mtoto hivihivi, watu waseme nini? Thubutu! Muuguzi akibonyeza tumbo, laini. "Hana neno huyu," anasema, na bibi anarudi nyumbani kifua mbele.

Mwezi mmoja sabuni iligoma. Mtoto alifika kliniki tumbo linang'aa kwa kuvimba. Daktari wa watoto, mwanamke mfupi mcheshi, akauliza, "Alipozaliwa, choo cha kwanza alipata lini?"

Mama wa mtoto akamgeukia bibi. "Siku ya nne. Au siyo, mama?"

"Ya nne," bibi akajibu. "Na kila tukija hapa, daktari, huwa namtia sabuni kwanza."

"Alaa!" Daktari akavaa glavu, akapima kwa kidole. Alipokitoa tu, upepo na choo vikafyatuka mpaka kwenye koti lake. Tumbo likanywea. Daktari alicheka mpaka akashika meza. "Nadhani nimeshamjua adui. Mwisho wa utumbo wake hauna neva za kusukuma choo, kazaliwa hivyo. Kipimo kikithibitisha, kipande hicho tunakikata, tunaunga palipo pazima."

"Kumbe nilikuwa nauficha ugonjwa!" Bibi alilia palepale.

"Uliuficha, mama, na leo umeusema. Sabuni basi, inamchubua."

Kipimo kilithibitisha, upasuaji ukafanyika. Zikabaki siku za kungoja wodini, na bibi roho juu: je, mtoto atapata choo mwenyewe?

Siku ya pili, mchana, Mheshimiwa alikunja uso, akaguna, akatulia. Bibi akafungua nepi. Lo! Alipiga kigelegele wodi nzima ikageuka. Binti yake akaja mbio na maji na kitambaa.

"Ole wako uguse!" bibi akamzuia kwa mikono miwili. "Hapafutwi hapa mpaka daktari aje aone."