Saa za Maji za Alhamisi

Nasema wazi, mimi sikuwa na haja na karata. Haja yangu ilikuwa mishiri yangu, maharagwe yale ya kuuzwa mabichi, iliyokuwa imetoa maua, na maji ya Alhamisi, siku ya zamu yetu kwenye mradi wa maji hapa Kiirua. Alhamisi moja bwanangu, Marete, aliipoteza zamu hiyo kwenye poka. Nilipofika kwenye valvu na jembe langu, Kiambi anayeshika ufunguo aliniambia, "Mchezo ni mchezo, Mama Kathure. Leo maji ni ya Thuranira." Maua yakaanza kuanguka. Hebu fikiria, mtu mzima anacheza na chakula cha watoto wake.

Jumanne iliyofuata nikamkuta Marete tena nyuma ya kinu cha posho cha Thuranira, akicheza na Thuranira mwenyewe na Kiambi. Punje za mahindi zilikuwa mezani, kila punje saa moja ya maji, na zetu zilikuwa zimebaki nusu. Nikamwambia ainuke. Nikaketi mimi.

"Leo tuna mama wa kanisa," Thuranira akacheka. Yeye ndiye aliyeuleta mchezo huu kutoka Nanyuki, alikokuwa akifanya kazi hotelini. "Sawa, lakini aliyeketi hainuki mpaka kinu kizimwe."

Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha tano hufunuliwa mezani za wote. Marete huzipenda zozote anazopewa, ndiyo maana anamalizwa. Mimi nilipata saba na mbili, nikatupa. Tisa na nne, nikatupa. Nilichagua kama mtu anayechagua mbegu za viazi. Nilipopata wafalme wawili nikasukuma punje, na wote wawili wakatupa zao upesi.

Hapo ndipo walipokasirika. "Huyu hachezi, anangoja tu," Kiambi akanung'unika. Sasa kungoja kumekuwa kosa! Thuranira akatunga sheria papo hapo: kuanzia sasa hakuna kutupa karata, mmoja akiweka punje wote wanaweka, mpaka mwisho. Nikamgeukia bwanangu aseme neno. Akaangalia viatu vyake. "Wenye mchezo ndio wanajua," akasema. Hilo lilinichoma kuliko maua.

Zikagawiwa. Nikachungulia zangu: esi ya kopa na esi ya shupaza. Hakuna mbili za kuanzia zinazozidi hizo. Nikasukuma punje zote. Kiambi akanyanyua zake kuzitupa.

"Hakuna kutupa," nikamwambia.

Wakaweka, shingo upande. Mezani zikafunuliwa karata ndogondogo zisizomsaidia mtu. Kiambi alikuwa na tisa na tatu, Thuranira na malkia mmoja mpweke. Nikazikusanya punje kwenye leso yangu, za Alhamisi yetu na nyingine juu yake.

"Lakini Mama Kathure," Kiambi akasema kwa upole, "haya ni ya kupitisha wakati tu."

"Alhamisi iliyopita hukuniambia hivyo. Lete ufunguo."

Akamtazama Thuranira, Thuranira akaenda kuzima kinu. Ufunguo ukawekwa mezani. Marete akanyoosha mkono, ati yeye ndiye mwenye boma. "Nipe nikakufungulie, mama."

Nikaufunga kwenye leso pamoja na punje. "Wenye mchezo ndio wanajua," nikamwambia, nikaenda zangu. Alhamisi niliifungua valvu mwenyewe.