Salamu Alizokata Mzee Opondo

Jumapili hiyo Debra alikuwa amechutama nyuma ya chumba chake huko Nyalenda, akifua nguo za mtoto, simu ameiegemeza kwenye ndoo, sikio moja lina waya na lingine amemwachia mtoto. Jumapili baada ya kanisa ndio ulikuwa wakati wa kikundi. Walikuwa watu sitini na wawili kwenye WhatsApp, wengi wao hawajawahi kuonana, na sheria yao ilikuwa moja: kila mtu alete wimbo ambao wenzake hawaujui. Ukileta wimbo unaopigwa redioni, utachekwa wiki nzima. Debra ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote, lakini alikwisha kujipatia heshima yake. Mara tatu alikuwa ameleta nyimbo alizozichimbua kwenye kadi za simu kuukuu, alizopewa na wateja pale Kondele anapouza mitumba ya watoto. Zilikuwa nyimbo za bendi zilizopiga matangani na kwenye sherehe za shule, kisha zikafa bila kutoa santuri hata moja. Wazee wa kikundi walikuwa wakimwita mwalimu.

Siku hiyo aliyewashangaza wote alikuwa Mzee Opondo, fundi redio mstaafu wa Kondele. Alituma wimbo wa bendi iitwayo Obunga Sunrise na kuandika, "Nani anawajua hawa? Nimeitoa kwa kaseti. Nangoja."

Hakuna aliyewajua. Gitaa lilikuwa linakimbia kama mtoto aliyetumwa dukani na kuambiwa asichelewe, na besi nyuma yake ikilifuata polepole bila wasiwasi. Debra aliacha kufua ili asikilize vizuri. Mioyo na vidole gumba vikamiminika kwenye kikundi. Kisha ikaingia sauti ya Mzee Walubengo, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji.

"Opondo, leo umenimaliza. Hiyo besi ni mimi! Mluhya peke yangu katikati ya Wajaluo, na wakati huo meno yangu yote yakiwa bado mdomoni. Hiyo ni Usoma, mwaka wa elfu mbili na moja, harambee ya zahanati. Lakini mbona sisikii pakruok? Kuna msichana mmoja muuza omena, Amolo, alitusimamisha katikati ya wimbo ajisifie mtoto. Alikuwa amejifungua juzi tu. Alituacha na vidole kwenye nyuzi mpaka vikatuuma."

Aliyelelewa ufuoni mwa ziwa hahitaji kuelezwa pakruok. Muziki umepamba moto, mtu anainua mkono, bendi inanyamaza, naye anajitapa kwa majina ya sifa, yake na ya wale anaowapenda, watu wanashangilia, kisha anaruhusu wimbo uendelee.

Debra aliuacha mkono majini. Mama yake aliitwa Amolo. Alikuwa akiuza omena, dagaa wa ziwani, huko Usoma. Alifariki Debra akiwa na miezi saba, na alichomwachia ni picha ya kitambulisho ambayo maji ya mafuriko yameifuta upande mmoja. Akiwa mdogo alimwuliza dani yake, nyanya aliyemlea, "Mama alikuwa na sauti gani?" Dani akajibu, "Kubwa," kisha akaendelea kuchambua mchele. Swali hilo lilikuwa limelala miaka mingi. Liliamka mwaka jana, Debra alipozaa mtoto wake mwenyewe na kumpa jina la Amolo. Alikuwa akimwimbia mtoto alale, asijue sauti anayomwimbia ameitoa kwa nani.

Akampigia Walubengo simu.

"Mzee, huyo Amolo, mtoto wake aliitwa nani?"

"Ai, mama, hiyo ni miaka." Akafikiri. "Lilikuwa jina la yule mwanamke mwamuzi wa kwenye Biblia. Tulimcheka, tukamwambia huyu atakuja kutufunga jela."

"Debra."

"Hilohilo." Kisha akashtuka. "Ngoja kwanza. Mwalimu, wewe ni Debra wa nani?"

 Debra aliuliza tu, "Alisema nini?"

"Maneno sikumbuki, mwanangu, nisikudanganye. Akili yangu ilikuwa kwenye nyuzi. Lakini yamo mle. Mashine ya kurekodi ilikuwa inazunguka wakati wote."

Debra akausikiliza wimbo upya, mara mbili, mara tano. Hapakuwa na mwanamke anayesema. Ila kwenye dakika ya tatu gitaa lilijikwaa, kama mtu aliyeruka mtaro akatua vibaya. Hapo ndipo alipoelewa. Alimfunga mtoto mgongoni, akaziacha nguo kwenye povu, akashika njia ya Kondele.

Alimkuta Mzee Opondo mlangoni mwa karakana yake, kioo cha kazi kikiwa bado kwenye paji la uso.

"Mwalimu! Umekuja kunipongeza?"

"Mzee, kuna kipande umekata."

"Zile salamu?" Opondo akacheka. "Mimi hukata zote. Si ni nyinyi mnalalamika? 'Opondo tupe gitaa, habari za watu waliokufa tuachie.' Na faili ikiwa kubwa mnasema inawamalizia bando. Kwa hivyo nasafisha."

"Ulichokata umekiweka wapi?"

"Kukiweka? Kompyuta yenyewe hii imejaa mpaka shingoni."

"Basi kaseti. Kaseti iko wapi?"

Mzee alianza kujibu kwa wepesi, kisha akauona uso wa Debra na kupunguza mwendo. Kaseti akishazihamisha, alisema, humpa mkewe, Mama Sydney. Kwaya ya kanisani hupenda kurekodi mazoezi yao, na kaseti mpya siku hizi utazipata wapi? Yeye huziba kwa karatasi kile kitundu cha mgongoni, ili kaseti ikubali kurekodiwa tena. Ni kazi ya dakika moja.

"Hiyo ulimpa lini?"

"Leo asubuhi." Akatazama saa ukutani. "Wanaanza saa nane na nusu, pale kanisani Obunga."

Ilikuwa saa tisa kasorobo.

"Mpigie, Mzee. Mpigie Mama Sydney sasa hivi."

Opondo alinyoosha kidole. Simu ya mkewe ilikuwa juu ya rafu, inachaji.

"Mama yangu yumo kwenye hiyo kaseti," Debra akasema. "Ndiye huyo uliyemkata."

Hakungoja kuona maneno yalivyomwingia. Alisimamisha bodaboda ya kwanza iliyopita, akakaa, mtoto akibana mgongoni, akamwambia dereva "Obunga, kanisa la mabati ya samawati, tafadhali kimbia." Njia nzima alikuwa akihesabu. Kaseti ya saa nzima, nusu saa kila upande. Wimbo ulikuwa mwanzo, katikati, au mwisho? Hakuwa ameuliza. Mjinga wee, hukuuliza.

Alisikia kwaya kabla ya kuona kanisa. Aliruka, akafika mlangoni, na pale kwenye kiti mbele ya wanawake kumi na wawili ilikuwa redio kaseti, taa yake nyekundu imewaka. Mama Sydney alikuwa anawaongoza kwa mkono, macho kayafumba.

Na Debra akasimama.

Hata yeye baadaye hakuweza kujieleza. Hakuwa amesahau alichokuja kufanya. Lakini tangu utotoni alifundishwa kwamba watu wakimwimbia Mungu hukatizi: unasimama mlangoni, unainamisha kichwa, unangoja ubeti uishe. Miguu ilitii mafundisho hayo bila kumwuliza. Alisimama pale, kichwa chini, ubeti ukapanda, ukazunguka, ukashuka, na ulipofika mwisho ndipo aliposhtuka kwamba kilichokuwa kikizunguka ndani ya ile redio hakikuwa na adabu ya kumngoja yeye. Akakimbia katikati ya benchi na kubonyeza kitufe.

Wanawake wote wakamgeukia.

"Wewe!" Mama Sydney alifungua macho. "Mtoto wa nani wewe, unaingia nyumba ya Mungu kuzima vitu vya watu?"

"Mama, nisamehe. Mama yangu yumo humu."

"Humo wapi?"

"Ndani ya kaseti."

Mwanamke wa safu ya nyuma akasema, "Yawa, huyu ameshikwa na kitu. Mtoeni mtoto mgongoni kwanza." Wengine wakaguna. Mmoja aliinuka kweli, na Debra akaikumbatia redio kifuani kama mtu anayezuia mwizi, mtoto naye akaanza kulia. Hali ingekuwa mbaya zaidi kama Mzee Opondo asingetokea mlangoni, shati limetoka ndani ya suruali, anahema.

"Emmaculate," akamwita mkewe kwa jina, jambo ambalo kwaya haikuwahi kulisikia. "Mwache. Kosa ni langu."

Aliitoa kaseti kwa vidole viwili, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akatazama utepe ulivyojikusanya. Debra alimtazama yeye.

"Wimbo ulikuwa wapi, Mzee?"

"Katikati ya upande huu."

"Wamefika wapi?"

 Opondo aliifuta kaseti kwa upindo wa shati, japo haikuwa na vumbi.

Waliirudisha Kondele. Mama Sydney alikuja nao, kwa sababu mumewe alikuwa amemsimulia yote kwa maneno machache pale nje. Alimchukua mtoto kutoka mgongoni kwa Debra na kumnyamazisha. Opondo alisafisha kichwa cha mashine kwa spiriti, akaunganisha waya kwenye kompyuta, akafuta filamu tatu ili kupata nafasi.  Debra alikuwa amempigia Walubengo, simu iko mezani, spika imewashwa, na mzee kule upande wa pili anapumua.

"Nitaanza nyuma kidogo," Opondo alisema, "ili tusiruke kitu."

Kwaya ikaanza. Ule ubeti. Debra aliutambua tangu neno la kwanza, akausikiliza wote kwa mara ya pili, ukipanda, ukizunguka, ukishuka. Kisha kishindo kidogo, ka! Mahali alipobonyeza.

Mvumo. Watu wanacheka, wengi, mahali pa wazi. Na juu ya kicheko chao, karibu kabisa na kipaza sauti, mwanamke.

"Gouru thum, yawa!"

Pigeni muziki, jamani. Basi. Gitaa likaingia, besi ikalifuata, na wimbo ukaendelea kama Debra anavyoujua.

 Opondo aliuacha uende hadi mwisho, akasimamisha mashine. "Hapo alikuwa amemaliza," akasema taratibu. "Hayo ndiyo maneno ya mwisho. Kabla yake... nakumbuka wakati nakata. Kilikuwa kipande cha nusu dakika."

Nusu dakika. Debra aliijua nusu dakika hiyo ilivyo ndefu. Alikuwa ameisimamia mlangoni, kichwa chini. Alijishika kwenye ukingo wa meza, sauti iliyomtoka haikuwa kilio wala neno, na Mama Sydney akaweka mkono mgongoni kwake, akauacha hapo.

"Nilidhani nasafisha," Opondo alisema. "Nyathina, mwanangu, Mungu anajua nilidhani nasafisha."

 Debra aliitafuta hasira, haikuwepo. Na kulikuwa na jambo baya zaidi, ambalo hakuthubutu kulisema mbele yao: ile sauti hakuitambua. Miaka yote aliamini kwamba siku akiisikia, kitu ndani yake kitageuka na kusema ndiye huyu. Hakikugeuka. Ilikuwa sauti ya mwanamke yeyote wa sokoni, yenye mikwaruzo, iliyozoea kuita wateja, pua imeziba kidogo kana kwamba ana mafua.

"Mzee Walubengo," akasema kuelekea simu. "Ni yeye?"

"Ni yeye." Walubengo alikuwa analia bila kuficha. "Ni yeye, mwanangu. Alikuwa anatuamrisha hivyohivyo kama watoto wake."

"Una hakika?"

"Mimi ndiye niliyemngoja na vidole kwenye nyuzi. Nitamsahau?"

Opondo akavuta kiti karibu na kompyuta. "Sasa iko humu ndani, haiwezi kupotea. Kuna kelele ya utepe, naweza kuipunguza..."

"Usiguse," Debra akasema.

"Sawa."

"Hata hiyo kelele. Usikate chochote."

"Sawa, sawa. Nitume kwa kikundi? Wanauliza. Walubengo amewaambia."

Simu ya Debra ilikuwa kweli inatetemeka mezani, ujumbe juu ya ujumbe, watu sitini wakitaka kujua mwalimu amepata nini. Siku nyingine yoyote angekimbilia kutuma. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yake yote: kukutana na kitu kisichojulikana na kukiweka mbele ya watu watakaokipenda.

"Bado," akasema. "Mimi mwenyewe bado sijamjua. Rudisha."

Opondo akarudisha. Kicheko, mwanamke, gitaa.

"Rudisha."

Safari hii alisikia pumzi. Kabla ya neno la kwanza mama yake alivuta pumzi fupi, kama mtu anayebeba karai.

"Rudisha tena."

Mama Sydney alikuwa ameketi sakafuni na mtoto. Nje, Kondele ilikuwa inapiga honi na kuuza viazi. Mara ya sita Debra aligundua kwamba ile pumzi anaingoja kabla haijaja, na kwamba "yawa" inapanda kidogo mwishoni, inakaribia kicheko lakini haifiki. Mara ya tisa midomo yake ilianza kusema pamoja nayo, polepole, bila kutoa sauti.

"Rudisha," akasema.