Wimbo wa Binti Aliyejifanya Mwehu

Kasian alikuwa mtafsiri wa filamu. Watu wa Mbalizi walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Iwe filamu ya Kihindi au ya Kikorea, ndani yake ni yeye aliyesema kwa Kiswahili, sauti za wanaume na za wanawake akizitoa mwenyewe na kuchomekea utani wa sokoni. Alifanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, akiwa na kompyuta, maiki, na magodoro mawili aliyoyasimamisha ukutani kuzuia kelele za malori.

Mkewe Veneranda alikuwa mtu wa Igowole, na usichana wake wote aliimba kwaya ya parokia. Lakini tangu mtoto wao wa pekee, Pendo, afariki kwa homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka minne, alikuwa haimbi tena. Kanisani alifungua kitabu cha nyimbo akakitazama tu. Nyumbani jina la mtoto halikutajwa. Hakuna aliyelikataza, ila kila mmoja alimwogopea mwenzake. Miaka miwili ikapita hivyo.

Mwezi wa nne Kasian alipata filamu ya nyimbo iliyotungwa kutoka ngano ya zamani ya Waarabu. Mchawi anachonga farasi wa mpingo anayeruka angani. Mwana wa mfalme anampanda, anafika nchi ya mbali, anapata mchumba. Kisha mchawi anamwiba yule binti na kupaa naye. Binti, ili asiozwe kwa nguvu ugenini, anajifanya mwehu. Anafungiwa chumbani, na pale dirishani anaimba.

Kwenye nyimbo Kasian hakuwa na utaalamu. Alianza kuusoma wimbo wa dirishani kama mtu anayesoma tangazo la mkutano. Veneranda alikuwa kwenye kigoda nyuma yake, anapukuchua maharage.

"Anasema nini huyo dada?" akauliza.

"Anasema wamwite mwehu, yeye hajali."

"Basi usiseme wewe. Mwache aimbe."

"Nitamwachaje aimbe na watu hawaelewi?"

Veneranda aliweka ungo chini. Alitazama kipande kile mara tatu, midomo ikichezacheza. Halafu akaimba kwa Kiswahili, taratibu, kama anayejaribu daraja bovu:

*Niiteni mwehu, nitaitika,*
*ila msiniulize namlilia nani.*
*Farasi wa mti hajui kuchoka,*
*mimi wa damu nimechoka kuita:*
*Pendo, rudi, Pendo, jua limezama.*

Kasian hakugeuka, maana kumsikia mkewe akiimba tena kulikuwa kumemtoa machozi. Alinyoosha tu mkono akawasha maiki.

Kwa wiki mbili walirekodi nyimbo zote tisa. Veneranda alianza kula vizuri. Asubuhi moja Kasian alimsikia anaimba huku anafua, akasimama mlangoni kimya asimkatishe.

Filamu ilienea. Wanawake waliacha biashara zao sokoni wakaja kwenye kibanda cha video kuitazama. Madereva wa malori waliibeba kwenye flashi mpaka Tunduma, mpaka Iringa. Siku moja Kasian mwenyewe akiwepo kibandani, watu walianza kupiga kelele: "Kasian, punguza maneno! Tumekuja kumsikiliza mama!" Wakacheka. Naye akacheka. Lakini neno lile lilimkaa kama mwiba wa samaki kooni.

Mwezi wa sita mama yake Veneranda, Bibi Severina, aliteleza shambani akavunjika mguu. Veneranda akaenda Igowole kumuuguza. Alipokuwa huko, simu ya Kasian iliita. Aliyepiga alikuwa mtu aitwaye Gideoni, mwalimu wa muziki wa Iringa mjini.

"Kaka, nimeisikia hiyo filamu. Namtafuta mama anayeimba. Tuna kikundi, tunataka kuicheza hii ngano jukwaani. Bila yeye hatuwezi."

"Na aliyetafsiri?" Kasian aliuliza.

"Eti?"

"Hakuna kitu. Yule mama hana sauti tena. Aliugua."

Akakata simu. Siku ile hakufanya kazi. Kesho yake alifungua filamu, akaifuta sauti ya mkewe wimbo baada ya wimbo, na mahali pake akaweka yake. Wimbo wa dirishani aliugeuza mzaha, binti akibweka na kuomba chipsi mayai. Faili za zamani alizifuta pia. Filamu mpya akawapa watu wa mabasi.

Veneranda alirudi baada ya wiki tano. Ndani ya basi kutoka Mafinga alikaa na mama mmoja wa Kisukuma, Nyamizi, aliyekuwa anakwenda kwa watoto wake waliofuga ng'ombe Usangu. Walipoipita Makambako, kondakta aliwasha televisheni, na farasi wa mpingo akatokea.

"Dada, hii ninaijua," Veneranda alisema, haya ikimjaa usoni. "Humo ndani naimba mimi. Subiri, binti akifika dirishani."

"Wewe? Haki ya Mungu?" Nyamizi akashika mkono wake.

Wakasubiri. Binti alifika dirishani, akafungua mdomo, na sauti ya Kasian ikabweka. Basi zima likaangua kicheko. Nyamizi naye alicheka kidogo, kisha akamwangalia jirani yake na kicheko kikamkauka.

"Dada, kwani si ulisema..."

"Nimefananisha," Veneranda alijibu. "Ni filamu nyingine."

Aligeukia dirisha la basi mpaka Nyamizi aliposhuka Igawa.

Veneranda alipoingia alimkuta Kasian mezani. Hakusalimia.

"Nyimbo ziko wapi?"

"Vene, pumzika kwanza."

"Kasian. Ziko wapi?"

"Nimefuta."

"Zote?"

"Zote. Watu walikuwa hawanitaki tena. Kila siku mama, mama. Mimi nilikuwa nani humu?"

Veneranda alikaa chini, mkoba bado begani. "Mimi sikuwa nawaimbia watu," alisema. "Nilikuwa namwita mtoto wangu. Wewe hukusikia nikimwita?"

Hapo ndipo Kasian alipoelewa. Siku zote alidhani lile pendo ni pendo la binti na mwana wa mfalme. Alikaa na hedifoni masikioni, akapandisha sauti, akashusha, na jina la mwanawe likampita mara tisa, mara ishirini.

Asubuhi Veneranda alirudi Igowole kwa basi la kwanza.

Kasian alizunguka kutafuta nakala ya zamani. Aliuliza vibandani, akauliza madereva. Wengi walikuwa wameifuta, wameweka nyingine. Mwishowe alipanda basi hadi Iringa akamtafuta Gideoni, akamkuta anafundisha noti. Akamweleza yote bila kujificha. Gideoni akatoa mfukoni flashi yenye nakala ya zamani. "Nilidhani sauti hii imekufa," alisema.

Igowole Kasian alifika mvua ikinyesha. "Kamwene, mama," alimsalimia Bibi Severina, aliyeketi jikoni mguu ukiwa kwenye bandeji. Aliitikia, akamvutia kigoda karibu na moto, akamwita bintiye.

Kasian alimpa Veneranda flashi kwa mikono miwili. Akamwambia habari ya Gideoni, na uongo aliousema kwenye simu. Veneranda alisikiliza mpaka mwisho.

"Umefanya vizuri kuileta," alisema.

"Turudi nyumbani, mke wangu."

"Nikikutazama naisikia ile sauti ikibweka, Kasian. Nimejaribu. Wiki zote hizi nimejaribu."

Mvua ilipokatika walikwenda wote wawili kwenye kaburi dogo la Pendo nyuma ya migomba, mahali ambapo hawakuwa wamesimama pamoja tangu siku ya maziko. Wakang'oa majani. Kasian alipiga magoti kwenye tope. "Pendo," alisema, "baba yupo." Akaanza kulia. Veneranda alimwekea mkono mgongoni na kuuacha hapo mpaka alipotulia.

Barabarani, wakisubiri gari la Mafinga, alimwambia: "Nguo zangu mpe mtu wa basi aniletee. Za Pendo ziache, nije kuzichukua mwenyewe."

Kasian aliling'ang'ania neno lile, nije. Alipaka chumba rangi, akanunua mashuka mapya, akazifua zile nguo ndogo na kuzikunja upya kila Jumamosi. Mwezi wa kumi ulipoanza hodi ilipigwa. Alikimbia kufungua.

Alikuwa Boniface, kaka yake Veneranda, ameshika begi tupu.

"Shemeji," alisema akitazama chini, "amenituma mimi."